Barua Arobaini za Salamu

Nimefanya kazi ya uwakili kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa muda huo nimetia sahihi karatasi zisizo na idadi. Karibu zote nilizisoma. Arobaini sikuzisoma, na habari hii inahusu hizo arobaini na binti aliyeziandika. Nasema mapema kwamba nina hasira za karibu, ili msomaji asishangae nikianza kufoka katikati ya maelezo.

Binti huyo ofisini tunamwita Kifungu. Jina alipewa na Shangazi wa mapokezi wiki ya kwanza tu, alipomuuliza kama anakunywa chai na sukari, naye akajibu kwamba inategemea. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale kwetu. Ni mama mmoja mnene aliyekaa kwenye dawati la mapokezi tangu tulipofungua ofisi, na anazijua sura za wateja kuliko sisi tunavyozijua kesi zao. Akikubandika jina, limebandikwa.

Kwa kuandika, Kifungu hana mpinzani. Mkataba ukipita mikononi mwake hauna mwanya hata wa kupitisha sindano, na nimewahi kushinda kesi mbili mahakamani kwa sababu tu ya hoja alizoziandika yeye akiwa amejikunyata kwenye meza yake ya kona, karibu na dirisha la uani. Tatizo lake lilikuwa watu. Mteja akiingia, Kifungu anatazama meza. Simu ikilia, anasimama wima kana kwamba yuko mbele ya jaji, anajibu ndiyo na hapana mpaka mwenye simu anachoka na kukata.

Mwaka huo kazi zilipungua. Mwenzangu niliyefungua naye ofisi, mwanamume mpole asiyeinua sauti lakini akishika jambo halitoki mkononi, akaamua kwamba mawakili wachanga nao wajifunze kutafuta wateja. Akaweka sharti: kila mmoja alete wateja wapya watatu kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa, na asiyeleta mkataba wake hautaongezwa. Tulikuwa na mawakili wachanga wawili. Mmoja alikuwa msemaji kweli kweli, ukoo wake mkubwa, na kabla mwezi haujaisha alishaleta wanne. Wa pili alikuwa Kifungu.

Nilibishana na mwenzangu. Nilimwambia kwamba anataka kumfukuza mwandishi bora tuliyewahi kuwa naye kwa sababu hajui kucheka na watu. Akanijibu kwa ile sauti yake ya chini kwamba ofisi ya watu wanaoandika tu, bila wa kuandikiwa, itafungwa. Nilipanda, nikashuka, mwisho nikanyamaza, maana hesabu za mwaka nilikuwa nimeziona.

Kwanza aliletwa mtaalamu wa masoko. Alikaa nasi siku mbili na mashine yake ya kuonyesha picha ukutani, akawafundisha vijana kujitambulisha kwa sekunde thelathini. Zamu ya Kifungu ilipofika, sekunde thelathini zilimtosha kutaja jina la ofisi, anwani, na sheria iliyoianzisha. Mtaalamu akampigia makofi peke yake. Niliondoka pale nimeuma meno, nikaapa kwamba binti huyu nitamfundisha mwenyewe.

Sasa, sisi mawakili haturuhusiwi kujitangaza. Huwezi kuweka bango, huwezi kuzunguka mtaani ukigawa vikaratasi. Lakini kumsalimu mtu uliyewahi kumfanyia kazi hakujakatazwa popote, na mimi najua kutokana na miaka yangu kwamba kazi nyingi mpya huletwa na watu wa zamani. Ofisi yetu ina chumba cha masjala, kirefu na chembamba, chenye mafaili yaliyofungwa kutoka sakafuni hadi darini. Kila faili ni mtu. Nikamwita Kifungu, nikamwambia aingie humo, achague watu arobaini ambao kesi zao zilikwisha vizuri, awasalimie.

Hivyo tu ndivyo nilivyosema. Nilidhani neno kusalimia halihitaji ufafanuzi.

Baada ya siku tatu alikuja na jalada la kutia sahihi, limejaa. Nilikuwa kwenye simu na dada yangu, ambaye paa lake lilikuwa linavuja na fundi wake alikuwa amezima simu, na dada yangu akianza habari za fundi haishi leo. Huku namwitikia, huku natia sahihi. Arobaini, moja baada ya nyingine, kila moja kwenye karatasi yetu nzito yenye nembo ya mizani. Nikamrudishia jalada, nikamwonyesha kidole gumba. Akatabasamu, na Kifungu hatabasamu hovyo.

Jumatatu iliyofuata nilifika saa mbili asubuhi nikakuta watu wamejaa mapokezi. Tuna viti vinane. Watu walikuwa kumi na wanne, na hakuna aliyekuwa akizungumza na mwenzake. Mama mmoja alikuwa amekumbatia hati ya nyumba kifuani kama mtu atakayenyang'anywa. Mzee mmoja alikuja na mashahidi wawili, wale wale wa zamani, wote wamevaa makoti. Shangazi alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo, akaniwekea barua moja mkononi.

Nainakili hapa kama ilivyokuwa:

YAHUSU: SHAURI LAKO LILILOFUNGWA. Rejea kichwa cha habari hapo juu. Ofisi yetu imepitia upya jalada lako na kubaini kwamba hakujawa na mawasiliano yoyote kati yetu tangu shauri lilipofungwa. Kwa barua hii, unasalimiwa. Unatakiwa kujibu au kufika ofisini kwetu ndani ya siku kumi na nne. Salamu hizi zinatolewa bila kuathiri haki za upande wowote.

Na chini yake, sahihi yangu, kubwa, na mkia wake.

Nitasema ukweli ingawa unaniaibisha. Niliisoma barua ile nimesimama pale, na mara ya kwanza sikuona kosa. Nikaona ni fupi, imepangwa vizuri, haina mwanya. Nilimuuliza Shangazi hawa watu wana nini. Shangazi akaniambia polepole, kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba barua hizo zilipelekwa na tarishi wetu, yule yule anayewapelekea watu hati za kuitwa mahakamani, kwa pikipiki ile ile, na kwamba kila aliyeletewa alisainishwa kwenye daftari la kupokelea.

Nikaisoma tena.

Siku hiyo hatukufanya kazi nyingine. Niliwaomba radhi watu kumi na wanne, mmoja mmoja, na kila mmoja ilibidi nimwambie mara tatu kwamba hakuna kesi. Mchana likaja jibu la mwalimu mmoja mstaafu tuliyewahi kumsaidia kwenye pensheni yake. Alikuwa ameirudisha barua yetu imesahihishwa kwa wino mwekundu, na pembeni ameandika kwamba amefundisha miaka thelathini na tano na hajawahi kuona salamu zenye tarehe ya mwisho. Jioni ikaja nyingine, na hiyo haikuwa ya kucheka. Mwenye kiwanda cha matofali, mteja wetu wa miaka tisa, alikuwa amekimbilia kwa wakili mwingine, na wakili huyo alituandikia kwamba mteja wake anakana madai yetu yote na yuko tayari kujitetea. Tulikuwa tumempoteza mtu kwa kumsalimu.

Mwenzangu aliisoma barua hiyo mbele yangu. Hakuinua sauti. Alisema tu kwamba mwezi wa tisa hauko mbali, akaondoka.

Nikamwita Kifungu nikamfokea mpaka koo likaniuma. Alisimama wima na kusikiliza yote. Nilipomaliza akasema kwa sauti ndogo, "Mama, niwaandikie barua ya kuomba radhi?"

Nilikaa chini. Sikujua kama nicheke au nilie, na hasira yote ikaniisha, kwa sababu niliona kwamba alikuwa anauliza kwa moyo wake wote. Alikuwa na kitu kimoja tu anachokiweza, na alikuwa ananipa tena. Nikamwambia kwamba akigusa karatasi nitamfukuza mwenyewe kabla ya mwezi wa tisa. Ataenda kwa miguu yake. Watu wote arobaini, mlangoni kwao, bila kalamu, bila mkoba. Ataomba radhi, kisha atamuuliza mtu kazi yake inaendaje, kisha atanyamaza.

"Kunyamaza unajua tayari," nilimwambia. "Limebaki la kuuliza."

Shangazi ndiye aliyemfanyisha mazoezi. Wiki nzima, baada ya chakula cha mchana, Shangazi alikaa kwenye kiti cha wateja akijifanya mtu aliyekasirika, mara muuza vipuri, mara mama mwenye duka la vitambaa, na Kifungu akabisha hodi kwenye kabati. Mwanzoni Kifungu alikuwa anauliza kazi inaendaje kama anavyomhoji shahidi, swali linafuata swali, mpaka Shangazi akamwambia kwamba yeye kama muuza vipuri ameamua kukiri kosa. Siku ya nne nilipita nikawakuta wote wawili wanacheka. Sikuingia.

Akaanza kuzunguka. Alitoka asubuhi akirudi alasiri viatu vimejaa vumbi, na kila alikotoka alinisimulia, kwanza kwa sentensi mbili, baadaye kwa kumi. Wengine walimfungia mlango. Mwenye kiwanda cha matofali alimwacha amesimama getini saa nzima, kisha akamtuma mlinzi amwambie azungumze na wakili wake. Lakini mama mmoja mwenye kitalu cha miche, aliyekuwa mke wa mteja wetu marehemu, alimtembeza kati ya miche yake yote, na kufikia mche wa mwisho alikuwa amemweleza kwamba mwenye ardhi anataka kumtoa. Huyo akawa mteja wake wa kwanza. Wa pili alikuwa dada yake yule mwalimu mstaafu, aliyetaka kuandika wosia na alikuwa anaogopa mawakili. Mwalimu ndiye aliyemleta, akisema kwamba binti huyu angalau anakubali kusahihishwa.

Katikati ya mwezi wa tisa alikuwa na wawili. Alibakiza watu wanane wa kuwaomba radhi na mteja mmoja wa kupata, na mimi nilianza kupumua.

Ndipo akafika kwa fundi seremala.

Fundi huyo tulimsimamia miaka kumi na mmoja nyuma kwenye kesi ya mpaka dhidi ya jirani yake, tukashinda. Ni mtu mkimya. Alipoletewa barua yetu hakuja ofisini, hakupiga simu, na sisi tulidhani hakuijali. Kifungu alirudi kutoka kwake akasimama mlangoni kwangu, na kabla hajasema neno nikaona machozi yanamtoka. Fundi alikuwa ameanza kujenga karakana kwenye upande ule ule wa mpaka. Alipoona maneno "shauri lako" na "siku kumi na nne", aliamini kesi imefufuliwa, na kwa kuogopa kukutwa na kosa akabomoa ukuta aliokuwa ameupandisha. Kozi tisa, yaani mistari tisa ya matofali. Matofali mengi yalivunjika, na karakana haina ukuta, na mbao zake zilikuwa zinanyeshewa.

"Hakunigombeza, Mama," alisema. "Alinipa kiti."

Nimeshasikia mengi katika kazi hii, lakini hilo la kiti lilinichoma. Nikamwambia ofisi itatafuta fundi mwashi na kuujenga ukuta. Akafuta uso kwa kiganja, akasema hakuna haja ya kutafuta, baba yake ni mwashi. Alikuwa amefanya kazi na mimi miaka miwili na sikuwa najua. Sikuwahi kumuuliza. Mimi, niliyekuwa namfundisha kuuliza.

Jumamosi nilikwenda nao, kwa kuwa sahihi ilikuwa yangu. Baba yake ni mtu mfupi mwenye mabega mapana, anasalimia kwa kuinamisha kichwa kidogo, na ana mwiko uliolika upande mmoja kwa miaka ya kutumika. Alitundika timazi ya kupimia wima wa ukuta, akafunga uzi, akaanza. Kifungu alifunga kitambaa kichwani, akashika beleshi, akawa anakoroga saruji na mchanga. Alikuwa anaikoroga kama mtu aliyezaliwa nayo, anaonja maji kwa jicho, hazidishi. Mimi nilipewa ndoo iliyogeuzwa nikae, na kazi ya kutokuwa njiani.

Na alikuwa anazungumza! Mikono ikiwa na kazi, mdomo wake ulifunguka. Alizungumza na fundi seremala kuhusu mbao zipi zinavumilia mvua, akazungumza na mke wa fundi, akamtania baba yake kwamba uzi wake umelegea kama kesi ya mtu fulani. Nilikuwa sijawahi kumsikia akitania. Nilijisikia kama mtu aliyekaa na jirani miaka miwili bila kujua kwamba anaimba.

Saa tano hivi akaja jirani wa upande wa pili, yule yule tuliyemshinda miaka kumi na mmoja nyuma. Mzee mrefu, mkono nyuma. Alitazama uzi, akatazama mpaka, akakubali kwa kichwa kwamba ukuta uko mahali pake. Kisha akasimama karibu na Kifungu akamtazama anavyokoroga. Akamuuliza kama ni kweli yeye ni wakili. Akasema amesikia habari zake zote, barua na kubomolewa na kuomba radhi, na kwamba hajawahi kuona wakili anayerudi kutengeneza alichoharibu. Yeye ana ardhi anayotaka kuwagawia watoto wake sita, kwa maandishi, kabla hawajaanza kutoleana macho. Akasema kazi hiyo anampa yeye.

 Huyo alikuwa wa tatu, na zilibaki siku kumi na moja. Nilimtazama Kifungu nikiwa nimeshajua atakachosema, na kwa dakika hiyo nilitamani awe amesahau niliyomfundisha.

Aliweka beleshi chini, akajipangusa mikono. "Mzee, nashukuru, lakini siwezi," alisema. "Ofisi yetu ilimsimamia fundi dhidi yako. Karatasi zake zote tunazo, na mambo ya mpaka huu alituambia kwa siri. Nikikupokea wewe kwa ardhi hii hii, yeye atatuamini vipi tena?"

Mzee akasema kesi ile ilishakwisha zamani. Kifungu akamjibu kwamba kesi imekwisha, lakini siri haziishi. Akamtajia wakili mwingine aliye mwaminifu, na wakili huyo alikuwa yule yule aliyemchukua mteja wetu mwenye kiwanda cha matofali. Mzee hakupendezwa. Alisimama kidogo akitafuna mdomo wake, na wakati huo fundi seremala, aliyekuwa amesikia kila neno, aliingia ndani akatoka na kiti. Akakiweka upande wa jirani yake. Mzee alikitazama kiti, kisha akakaa, na ndivyo walivyokaa wawili hao wakitazama ukuta unapanda.

Walipopumzika kunywa chai, nilimwona Kifungu amekaa kwenye rundo la matofali na baba yake. Alimuuliza kitu. Sikusikia swali, lakini nilimwona anavyonyamaza baada ya kuuliza, mikono juu ya magoti, vile Shangazi alivyomfundisha.  Halafu baba yake akaweka kikombe chini akaanza kuzungumza, na chai yake ikapoa. Nilikwenda kutazama mbao, maana niliona hayo hayanihusu.

Siku kumi zikapita, na watu saba waliobaki aliwamaliza. Walimsamehe wote na hakuna aliyekuwa na kazi ya kumpa. Siku ya mwisho ya mwezi, asubuhi, mwenzangu aliniomba niandike barua ya kutoongeza mkataba. Alisema ananionea huruma lakini watatu ni watatu. Nilimwambia jirani wa fundi angekuwa wa tatu kama binti angekuwa tapeli, naye akakiri kwamba ni kweli, na kwamba anamheshimu kwa hilo, na kwamba bado ni wawili.  Niliiandika barua mwenyewe, na ilinitoka vizuri, bila mwanya, na nilijichukia kwa jinsi ilivyonitoka vizuri.

Nilikuwa nimeshika kalamu ya kutia sahihi Shangazi alipopiga simu ya ndani. Alisema nije mapokezi, na nimwite na mwenzangu.

Kulikuwa na wanaume saba. Mashati yao yalikuwa yamepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na mikono yao ilikuwa na zile nyufa za saruji ambazo sabuni haiziondoi. Viti vilikuwa vinane, wao walikaa kwenye viti vinne tu, wengine wamesimama, kama watu ambao hawana hakika kama wanaruhusiwa kuvitumia vyote. Mmoja wao alikuwa baba yake Kifungu. Alinisalimia kwa kuinamisha kichwa, na kwa jinsi alivyonisalimia ungedhani hajawahi kuniona nimekaa juu ya ndoo. Akaeleza kwamba wao ni waashi saba wanaofanya kazi pamoja kwa miaka mingi chini ya mkandarasi mmoja, kwamba katika kila jengo wanasainishwa karatasi wasizozielewa, na kwamba wanataka kuandikisha kikundi chao wenyewe ili wachukue kazi kwa jina lao. Wamekuja kumtafuta wakili.

Mwenzangu, kwa upole wake, akauliza kama si yeye baba wa binti.

"Ndiyo," alisema. "Lakini sisi ni saba, na mzazi wake ni mmoja tu."

Shangazi akakohoa ndani ya kiganja. Mwenzangu akauliza tena, na sasa naamini alikuwa anauliza kwa sababu alitaka kujua kweli, kwa nini hawakuja siku zote hizi na mtoto yuko humu humu. Baba yake alitazama viatu vyake.

"Nilijua kazi zake ni za wenye suti," alisema. "Sikujua kama na sisi tunaweza kuja. Jumamosi ile aliniuliza kazi inaendaje. Hajawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kumwambia. Na nilimwona anamkataa mtu mwenye ardhi kwa ajili ya seremala. Nikawaambia hawa, basi hata sisi atatusimamia."

Kifungu alitokea kutoka kwenye kona yake na daftari mkononi. Baadaye aliniambia kwamba alijua shida yao tangu Jumamosi, na alishaahidi kuwasaidia, lakini haikumpitia kichwani kwamba baba ni mteja. Alipowaona alisimama. Nao, walipomwona, waliinuka. Wale waliokaa waliinuka wote, na baba yake akiwa wa kwanza, akashikilia kofia yake kwa mikono miwili kama wateja wanavyofanya.

"Baba, kaa," alisema Kifungu.

"Tutakaa wakili akikaa," alisema baba yake.

Akakaa. Wakakaa, safari hii kwenye viti vyote vinane, na aliyekosa hakuwepo. Nilirudi ofisini kwangu haraka kwa sababu machozi yalikuwa yananijia na sikutaka vijana wayaone. Mwenzangu alinifuata, akaichukua ile barua mezani, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni mwake. Akaniomba niandike nyingine ya mwaka mmoja. Nikamwambia miwili. Akafikiri, akasema sawa, miwili.

Wiki tatu baadaye karatasi za kikundi zilikuwa tayari, na Kifungu akaja na jalada la kutia sahihi.  Ndani kulikuwa na barua moja. Dada yangu alikuwa kwenye simu tena na paa lake; nikamwambia nitampigia baadaye.

Iliandikwa hivi: "Baba na wenzako wote, hamjambo. Hakuna kesi. Karatasi zenu ziko tayari, njooni siku yoyote, chai ipo."

Niliisoma mara mbili, mpaka nukta ya mwisho. Nikamuuliza nani ataipeleka, akasema ataipeleka mwenyewe jioni akirudi nyumbani. Nikatia sahihi.